Fundi Melkiori na viti vinavyolipiwa na shamba la Zegereni

Saa moja kasorobo asubuhi, Melkiori Shirima ameketi kwenye kiti mwendo katikati ya uwanja wa karakana yake, Mbwawa mjini Kibaha. Miguu yake ni mizima, lakini haiweki chini. Anasukuma magurudumu kwa viganja, anapita juu ya kokoto, anapanda kizingiti cha stoo, anarudi nyuma na kupanda tena.

Mara ya tatu gurudumu la kulia linalia. Anashuka, anakipindua kiti, anafungua nati kwa spana na kutoa beringi. Anaizungusha karibu na sikio.

"Hii imeingia mchanga," anasema. "Kama mimi imenichosha kwa dakika kumi, mwenyewe ataichukia kwa miaka mitatu."

Kila kiti kinachotengenezwa hapa hukaliwa kwanza na Melkiori kwa nusu saa. Leo viko vitatu, na vyote vinakwenda Maneromango, wilayani Kisarawe. Ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa guta la injini la magurudumu matatu kupitia Mlandizi na Mzenga, kama mvua haijaharibu barabara. Wiki hii imeiharibu.

Melkiori ana umri wa miaka 54. Siku nne za wiki huchomelea mageti na madirisha ya nyumba mpya zinazojengwa kila upande wa Mbwawa. Jumanne na Alhamisi hagusi geti la mtu. Siku hizo ni za viti.

"Geti moja linanipa faida kuliko viti vinne," anasema huku akifuta grisi mikononi. "Wateja wa mageti wananijua. Akija Jumanne namwambia kaa, kunywa maji, lakini kazi yako kesho."

Kiti kimoja kinagharimu Sh310,000. Ndani yake mna mabomba, rimu na tairi za baiskeli, sponji, turubai, rangi ya kuzuia kutu na ujira wake wa Sh45,000. Wanaovipokea wengi hawalipi kitu. Serikali haimo kwenye hesabu hiyo, wala hakuna mzungu anayetuma fedha.

Fedha inatokana na shamba lililouzwa Zegereni miaka minane iliyopita. Na kati ya fedha iliyopatikana siku ile, hadi leo haijatumika hata shilingi moja.

Melkiori mwenyewe aliwahi kuipinga kanuni hiyo ya kutoigusa fedha, mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Alifika Kibaha mwaka 1994 akitokea Rombo, akiwa na ufundi wa kuchomelea aliojifunza kwa baba yake mdogo. Kwa miaka kumi na minne alitengeneza milango. Mwaka 2008 mradi mmoja uliofadhiliwa kutoka nje ya nchi ulitafuta fundi wa kutengeneza viti mwendo kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu katika wilaya za Kibaha na Kisarawe. Alipelekwa kwenye mafunzo ya miezi mitatu, akarudi akiwa na mshahara wa Sh450,000 kwa mwezi, mashine mpya na gari la kumpeleka vijijini.

Kazi hiyo ilimbadilisha. Alijifunza kwamba kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo hakifanani na kiti cha mtu aliyevunjika uti wa mgongo, na kwamba sentimita mbili za ziada kwenye upana zinaweza kuupinda mgongo wa mtoto. Alianza kutembea na futikamba mfukoni hata siku za Jumapili.

Desemba 2015 ofisa wa mradi alifika na barua. Mfadhili amebadilisha vipaumbele, ilisema. Gari liliondoka siku ileile. Mashine ziliachwa, kwa sababu gharama ya kuzisafirisha ilizidi thamani yake. Ikabaki pia orodha ya watu 41 waliokwisha kupimwa.

"Nilikuwa nimewapima kwa mkono wangu," anasema Melkiori. "Kila mmoja nilimwambia, kiti chako kinakuja."

Miongoni mwao alikuwa Juliana, mtoto wa miaka tisa wa mfugaji Ngolo Mashauri. Familia hiyo ilihamia maeneo ya Maneromango na ng'ombe wake ikitokea Shinyanga. Juliana hawezi kusimama tangu alipougua homa kali akiwa na mwaka mmoja na nusu. Fremu ya kiti chake ilikuwa tayari. Ilikosa magurudumu na kikalio.

Melkiori aliisimamisha nyuma ya stoo, akarudi kwenye milango na mageti.

Agosti 2017 alikwenda kwenye mnada wa ng'ombe kufunga geti la zizi. Huko alikutana na Ngolo. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na bei. Kisha Ngolo akamweleza, bila lawama, kwamba kiti cha zamani alichopewa Juliana akiwa mdogo hakimtoshi tena, kwamba binti analala chini mchana kutwa, na kwamba kiunoni ametokwa na kidonda.

Fundi alirudi Mbwawa, akaitoa ile fremu, akaikwangua kutu. Alinunua magurudumu na sponji kwa fedha ya geti lile la mnadani. Baada ya siku sita kiti kilikamilika, akakipakia kwenye basi hadi Maneromango na kukodi pikipiki kumalizia safari.

Ngolo na mkewe walimnyanyua Juliana wakamweka kwenye kiti. Hakuenea. Mapaja yalikwama kwenye vyuma vya pembeni, na magoti yakabaki juu kama ya mtu aliyechuchumaa.

Vipimo vilikuwa vya miaka miwili iliyopita. Mtoto alikuwa amekua.

"Mama yake alimtoa taratibu akamrudisha kwenye mkeka," anakumbuka Melkiori. "Halafu wakanipikia. Nilikula ugali ule nikiwa sina mahali pa kutazama."

Anasema siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba mtoto hasubiri mradi.

Machi 2018 alisikia kwamba Kibaha kuna mfuko mpya unaotoa fedha kwa vikundi vinavyosaidia watu. Ulijiita Mfuko wa Kudumu wa Kibaha na Kisarawe, na uliitisha mkutano ili kujieleza. Melkiori alikwenda na orodha yake ya watu 41 mfukoni.

Mfuko ulianzishwa na wastaafu wachache: walimu, bwana shamba, karani wa mahakama. Kwa mwaka mzima michango yao haikufika hata milioni nne. Kisha mkunga mstaafu aitwaye Ashura Jumbe akaleta hati ya ekari zake za mikorosho huko Zegereni.

Alilinunua shamba hilo katika miaka ya themanini, wakati hakuna aliyekuwa na haja nalo. Viwanda vilipoanza kujengwa eneo hilo, thamani yake ikapanda hadi yeye mwenyewe akashtuka. Liliuzwa Sh186 milioni, na fedha yote akaikabidhi kwa Mfuko kwa sharti moja: isiliwe.

Atupele Mwakalinga, mratibu wa Mfuko na mtumishi wake pekee wa kulipwa, anaeleza utaratibu huo akiwa kwenye ofisi yao ya chumba kimoja mjini Kibaha. Fedha iliwekwa kwenye hatifungani za Serikali. Kila nusu mwaka hutoa riba. Theluthi ya riba hurudishwa kwenye mtaji ili usimezwe na kupanda kwa bei. Inayobaki hugawiwa kwa vikundi vidogo vilivyosajiliwa ndani ya wilaya hizi mbili.

"Watu wakisikia neno mfuko wanafikiria pochi, unafungua na kutoa," anasema Atupele. "Wanapoambiwa fedha ipo lakini haitoki, wanadhani tunawaficha. Siku ile ya kwanza ukumbi ulikuwa na manung'uniko mengi. Fundi Melkiori ndiye aliyesimama."

Melkiori alimwamkia kwanza Bi. Ashura, aliyekaa mbele, kisha akauliza. Fedha iko benki, na watu wamelala chini. Kwa Sh186 milioni angeweza kutengeneza viti zaidi ya mia saba kwa bei ya wakati ule. Asingeacha mtu hata mmoja anayetambaa, kuanzia Mbwawa hadi mwisho wa Kisarawe. Kwa nini wasiitoe?

Ukumbi ukapiga makofi. Bi. Ashura akasubiri yaishe.

"Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja," alisema. "Sikuona mwaka ambao watoto waliacha kuzaliwa. Wewe nitajie mwaka ambao watu hawatahitaji viti, tuitoe fedha yote kabla ya mwaka huo."

Akaongeza kwamba kwao Waislamu jambo hilo si geni. Mtu huweka wakfu nyumba au mnazi, na kizazi hadi kizazi hufaidi pato lake bila kuiuza nyumba wala kuung'oa mnazi.

Melkiori aliondoka kabla mkutano haujafungwa. "Nilikasirika," anakiri. "Niliona ni maneno ya watu walioshiba."

Alibadilika akiwa Rombo, alikokwenda kula Krismasi mwaka huohuo. Mdogo wake alitaka kuuza kipande cha kihamba, shamba la migomba la ukoo walioachiwa na babu yao, ili anunue gari la biashara. Ukoo ulikutana. Melkiori, kama mkubwa, alitakiwa kusema.

Alimwambia mdogo wake kwamba kihamba hakiuzwi. Kila mtu aliyewahi kuzaliwa katika nyumba ile alikula ndizi za pale, na hakuna aliyeng'oa mgomba akala na shina.

"Nilipokaa chini nikagundua nimesema maneno ya Bi. Ashura," anasema. "Nikajicheka peke yangu."

Februari 2019 alikwenda kwa Atupele na wazazi sita, wakiwa wamesajili kikundi chao kwa jina la Umoja wa Viti Mwendo Mbwawa. Julai walipokea ruzuku ya kwanza, Sh3.1 milioni. Ilitosha viti tisa na matengenezo madogo.

Kuchagua watu tisa kati ya 41 haikuwa kazi ya kupendeza. Melkiori aliogopa kuambiwa anapendelea, hivyo aliwaachia wazazi wa Umoja waamue. Walipanga kwa kuangalia nani ana vidonda na nani hana mtu wa kumbeba. Juliana aliangukia nafasi ya nne. Safari hii fundi alikwenda Maneromango mara mbili, mara ya kwanza kupima upya, mara ya pili kupeleka. Kiti kilimwenea.

Namba 27 alikuwa Eliya, kijana wa miaka 23 wa jirani na Mzenga. Alianguka kutoka juu ya mnazi na kuvunjika uti wa mgongo. Wakati orodha inapangwa hakuwa na vidonda, na nyumbani alikuwa na mama na kaka wa kumsaidia. Akawekwa kwenye kundi la mwaka uliofuata.

Novemba 2019, Melkiori akiwa njiani kurudi kutoka Maneromango, aliamua kupitia kwa Eliya ili achukue vipimo vipya mapema. Alikuta watu wamekaa nje kwenye mikeka. Vidonda vilikuwa vimetokea Septemba, vikaingia usaha, na kijana alikuwa amezikwa siku mbili kabla.

Mama yake aliiona futikamba mkononi mwa mgeni.

"Umechelewa, fundi," alimwambia. "Lakini karibu ukae."

Alikaa hadi alasiri. Siku iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Mfuko, akaitandaza orodha mezani kwa Atupele na kuweka kidole kwenye jina la 27. Alitaka bodi ikutane, na alitaka mtaji uguswe, angalau sehemu.

Bodi ilikutana baada ya wiki moja. Wajumbe walikuwa saba, Bi. Ashura akiwa mmoja wao. Atupele, aliyeandika muhtasari, anasema kikao kilichukua saa nne na kwamba wajumbe wawili walikuwa upande wa fundi tangu mwanzo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kanuni iliwekwa kwa ajili ya watu, na mtu amekufa.

Bi. Ashura aliomba kuzungumza karibu na mwisho.

"Siwezi kusema kijana huyu amekufa kwa sababu ya kanuni yangu," alisema. "Na siwezi kusema hakufa kwa sababu yake. Nitakwenda nayo kaburini. Lakini tukianza kumega, baada ya miaka mitano hakutakuwa na kitu, na atakuja Eliya mwingine akute mlango umefungwa."

Kura tano kwa mbili ziliamua mtaji ubaki. Hata hivyo, kikao hichohicho kilipitisha jambo ambalo halikuwamo kwenye katiba ya Mfuko. Sehemu moja ya kumi ya riba ya kila mwaka itengwe kwa watu walio hatarini, na fedha itoke ndani ya siku saba bila kusubiri foleni. Hadi sasa watu 29 wametumia akiba hiyo, wengi wao wakiwa na vidonda vya kulala.

Melkiori hajawahi kusema kwamba alishinda wala kwamba alishindwa.

"Mpaka leo sijui kama tulikuwa sahihi kuhusu Eliya," anasema. "Mama yake bado namtembelea. Ninachojua ni kwamba karakana ipo."

Mwaka 2021 shirika lililokuwa likikisaidia kikundi cha kuhudumia wagonjwa majumbani huko Maneromango liliondoka, kwa barua iliyofanana sana na ile aliyoipokea Melkiori. Kikundi hicho hakikufa. Kilipunguza posho na kuuza baiskeli mbili, kikaendelea kwa ruzuku ndogo ya Mfuko. Wahudumu wake ndio ambao leo humpigia fundi simu wanapoona mtu anaanza kubadilika rangi mgongoni.

Orodha ya kwanza ilikwisha Oktoba 2022. Watu 36 walipata viti, wawili walikuwa wamehama na hawakupatikana, watatu walikuwa wamefariki dunia.

Lakini Februari mwaka huo lilikuwa limetokea jambo jingine. Bi. Ashura, akiwa na umri wa miaka 76, alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea.

Alhamisi moja mwanawe, Badru, alifika Mbwawa. Badru ni mhasibu katika kampuni ya mizigo jijini Dar es Salaam, na huondoka Kibaha kila siku kabla ya jua kuchomoza. Yeye na Melkiori walikuwa hawajawahi kuzungumza. Fundi alijua tu, kama watu wengi walivyojua, kwamba kijana huyo hakufurahia mama yake alipolitoa shamba.

Badru halifichi jambo hilo.

"Nilikuwa nimepanga vyumba viwili na watoto watatu," anasema. "Mama anatoa milioni mia na themanini na sita kwa watu asiowajua. Sikuongea naye miezi mitano. Sherehe ya kukabidhi hati nilikuwa mjini hapa hapa, sikwenda."

Siku ile hakuja kudai kitu. Alitaka kiti cha mama yake. Melkiori alikitoa mara moja kiti kilichokuwa kimekamilika asubuhi hiyo, ambacho upana wake ulikaribiana na mwili wa Bi. Ashura. Badru alimpigia mama simu kumjulisha, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Maneno ya mama yalitoka kwa shida.

"Hicho ni cha nani?" aliuliza.

Melkiori alimtajia. Kilikuwa cha mwanamke mmoja wa Mbwawa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari.

"Mpelekee mwenyewe. Mimi nina mtoto mwenye mshahara. Mwambie bei."

Badru akakata simu. Alikaa kwenye benchi la karakana, akausoma ubao wenye majina yaliyobaki, umri wa kila mtu na tarehe aliyopimwa. Kisha akalipa. Alilipa kiti cha mama yake kwa bei kamili, akalipa na kingine kwa jina lililofuata ubaoni.

"Watu wanasema siku hiyo nilimsamehe mama," anasema. "Hapana. Ilichukua muda zaidi. Siku hiyo nilichoelewa ni hesabu yake, na mimi ni mhasibu."

Kiti kilikuwa tayari baada ya siku tisa. Bi. Ashura alikitumia mwaka mmoja na nusu, mara nyingi akiwa barazani kwake, ambako wanawake aliowazalisha walimletea wajukuu wao awaone. Alifariki dunia Agosti 2023.

Wiki tatu baada ya maziko, riba ya nusu mwaka iliingia kama kawaida. Atupele anasema aliitazama taarifa ya benki akashindwa kuifunga. Mtaji wenyewe ulikuwa umekua, na leo umefika Sh291 milioni, ukijumlisha michango ya watu wengine. Baadhi yao hutoa Sh5,000 kwa mwezi kwa simu, na wapo waliotaja Mfuko kwenye wosia. Vikundi vinavyosaidiwa sasa ni vinane. Umoja wa Mbwawa umepata Sh7.4 milioni mwaka huu.

Kati ya vikundi hivyo vinane, hakuna kinachoishi kwa ruzuku ya Mfuko peke yake, na Atupele anataka iwe hivyo. Kila mwaka wapo wanaoomba na kukosa. Mwaka huu walikuwa kumi na mmoja. "Barua zao naziandika mwenyewe," anasema. "Sijaizoea kazi hiyo."

Saa nane mchana guta linaingia Maneromango likiwa na tope hadi kwenye viti. Mara mbili Melkiori na dereva wamelazimika kushusha mzigo na kusukuma. Wanafikia kwanza kwa Ngolo Mashauri, ambaye anatoka zizini na kumshika fundi mikono yote miwili.

Juliana yuko dukani, hatua chache kutoka nyumbani. Ana miaka 19. Anauza vocha, anatoa na kupokea fedha za simu, na anachaji simu za majirani kwa umeme wa jua. Hiki ni kiti chake cha tatu tangu kile kilichoshindikana, na tayari anacho cha kusema.

"Shikamoo, fundi. Hiki kisiwe kipana kama kile, mlango wa duka ni mwembamba. Kile kimenichubua vidole."

"Marahaba. Nimepunguza sentimita nne."

"Na meza?"

Fundi anatoa kibao chenye bawaba, anakifunga kwenye mkono wa kiti. Kinakunjuka na kukunjika. Juliana anaweka simu mbili na daftari juu yake, anajisukuma hadi mlangoni, anapita. Anageuka ndani, anatoka tena. Anasema sehemu ya miguu iko chini mno. Melkiori anapiga magoti kwenye vumbi la dukani, anafungua nati mbili na kuipandisha.

Mteja anasubiri nje na noti yake mkononi. Juliana anamhudumia kabla fundi hajamaliza kukaza.

Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa mzee mmoja na kwa mwanamke aliyegongwa na pikipiki. Vyote vinakubali isipokuwa breki moja, ambayo inarekebishwa palepale. Kazi inakwisha saa kumi na nusu.

Ubaoni Mbwawa kuna majina 33 mapya. Melkiori anasema namba hiyo haimtishi kama zamani. Kinachomsumbua sasa ni macho. Miaka thelathini ya kuchomelea imeyachosha, na daktari amemwambia apunguze. Kwa sababu hiyo amemwajiri Aneth Mallya, mama wa watoto wawili mwenye miaka 38 aliyekuwa kibarua wa kiwanda. Kwa miaka miwili amemfundisha kuchomelea, kupima na kukata sponji. Viti viwili kati ya vitatu vya leo ni kazi ya Aneth. Melkiori alivikalia tu.

Mpango wake ni kuwa na karakana ya pili hapa Maneromango ili watu wa Kisarawe wasisubiri barabara. Uongozi wa kijiji umekubali kutoa chumba. Umoja umepeleka maombi ya mashine moja ya kuchomelea na paneli za umeme wa jua, na jibu la Mfuko linatarajiwa Julai. Hana uhakika kwamba watapata. Wakikosa, wataomba tena mwaka unaofuata.

Anapoulizwa anatumaini nini kwa ajili yake mwenyewe, anajibu huku akifunga turubai kwenye guta.

"Ule mradi wa kwanza ulipoondoka, watu walikuja karakana wakaniuliza, fundi, gari liko wapi?" anasema. "Mimi nataka siku moja mtu aje aulize, Melkiori yuko wapi? Wamwambie amestaafu, yuko Rombo. Halafu wachukue futikamba, wampime."